Je, Msiba wa Kujitakia Hauna Kilio?

Wahenga walisema kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Methali hii twaitumia mara nyingi, na pengine upesi mno. Mtu akiumia katika kazi aliyoichagua mwenyewe, tena ya mshahara mnono, twasema, "Alijua alilolitenda," kisha twaendelea na shughuli zetu. Hebu tuipime methali hii kwa maisha ya Mmarekani mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kucheza mpira.

Mpira huo si ule tunaoucheza kwa miguu. Wamarekani wana mchezo wao, ambao mpira wake umechongoka ncha mbili, nao hubebwa na kurushwa kwa mikono. Timu yenye mpira huweka mbele mstari wa watu 5 wakubwa wenye nguvu. Hao kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea mpira unaorushwa mbele, na ni nadra sana kupata pointi. Kazi yao ni kusimama kati ya wapinzani na mwenzao arushaye mpira, ili asiangushwe. Wakiifanya vema, hakuna awatajaye. Wakikosa mara moja, uwanja mzima huwaona.

Mike Webster alikuwa mtu wa katikati katika mstari huo. Aliingia timu ya Pittsburgh Steelers mwaka 1974, akakaa humo hata 1988, kisha akachezea Kansas City Chiefs misimu 2 zaidi. Steelers walitwaa ubingwa mara 4 naye akiwamo. Yeye ndiye aliyeinama na kuupitisha mpira kati ya miguu yake kumpa mwenzake wa nyuma, na papo hapo akagongana na mtu mzito kama yeye. Ndivyo ilivyokuwa mara nyingi katika kila mchezo, kwa misimu 17. Kofia ngumu iliweza kulikinga fuvu lisivunjike, lakini haikuweza kuuzuia ubongo usitikisike ndani yake.

Baada ya kustaafu, akili yake ilizidi kumpotea. Alisahau, alichanganyikiwa, fedha zikamwishia, ndoa yake ikavunjika, na nyakati nyingine alilala ndani ya gari lake. Mwaka 1997 jina lake liliingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo, mjini Canton, Ohio, na watu wakampigia makofi. Miaka 5 baadaye, mwaka 2002, alifariki akiwa na umri wa miaka 50.

Aliyeuchunguza ubongo wake ni Daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliyekuwa akifanya kazi Pittsburgh. Kwa macho ubongo ule ulionekana mzima. Lakini vipande vyake vyembamba vilipotazamwa kwa hadubini, zilionekana alama za ugonjwa uliojulikana tangu zamani kwa mabondia. Omalu alipoyaandika hayo mwaka 2005, madaktari wa kamati ya ligi ya mchezo huo walitaka andiko lake liondolewe.

Basi, turudi kwenye methali yetu. Yupo atakayesema kwamba Webster hakulazimishwa. Ni kweli. Lakini ridhaa ya mtu haivuki mpaka wa ujuzi wake. Alikubali kuumia magoti na kuvunjika vidole. Hakukubali kupotewa na akili zake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ndiyo bei.

Siku hizi wachezaji wanaambiwa. Mwaka 2017 madaktari wa Boston walitangaza kwamba, katika ubongo wa wachezaji 111 waliowahi kucheza ligi hiyo, 110 ulikuwa na ugonjwa huo. Ni kweli kwamba wengi wao walichunguzwa kwa sababu jamaa zao walikwisha kuona dalili, basi hatuwezi kuwahesabu wachezaji wote hivyo. Hata hivyo, siku chache baadaye John Urschel, mlinzi wa mstari huohuo katika timu ya Baltimore Ravens, aliuacha mpira akiwa na miaka 26, akaendelea na masomo yake ya hisabati hata akapata shahada ya udaktari. Lakini si kila mchezaji ana hisabati ya kumpokea. Wengine hubaki, huku wakijua, kwa ajili ya mshahara na watu wa nyumbani wanaowategemea.

Je, msiba wa hao hauna kilio? Sisi twaona unacho. Hatari aliichagua mmoja, lakini faida iligawanywa kwa wengi: mrusha mpira alisimama salama, mwenye timu alitajirika, mtazamaji alifurahi. Waliogawana faida hawana haki ya kumwachia mmoja hasara yote. Hatusemi mchezo upigwe marufuku. Twasema kwamba anayekingwa anadaiwa na anayemkinga: amwambie ukweli mapema, na amtunze nguvu zikiisha. Makofi hayalipi deni hilo. Fadhila ya punda ni mateke, lakini sisi si punda.

Tunalikumbuka jibu la Kaini alipoulizwa habari za ndugu yake. Webster alikuwa mlinzi wa ndugu zake kwa misimu 17. Nasi tunao walinzi wetu: mzee akeshaye mlangoni usiku, mchukuzi wa magunia ambaye mgongo umempinda, dada apikaye kwenye moshi ili sisi tule. Kabla hatujasema kwamba waliitaka wenyewe kazi hiyo, tujiulize ni nani aliyelala usingizi, na ni nani aliyeshiba.