Karatasi Zilizopita Mbele ya Liwatoni

Meli yoyote inayoingia bandari ya Kilindini haina budi kupita mbele ya Liwatoni, pale pale lilipowekwa daraja la kuelea la waendao kwa miguu wakati wa korona. Njia hiyo ya maji ndiyo waliyoingilia, katika miaka ya 1930, Wayahudi waliokimbia utawala wa Hitler na kupata ruhusa ya kuingia koloni la Kenya. Hawakuwa wengi, na Mombasa haikuwajua kwa sababu haikukaa nao: walishuka gatini, wakapanda gari la moshi, wakaenda zao Nairobi na mashamba ya bara. Kinachonishughulisha hapa si safari yao bali mizigo yao. Aliyetoka Ujerumani wakati huo aliruhusiwa kuchukua Reichsmark 10 tu taslimu, na mwenye mali alikwisha kukamuliwa kodi ya kuikimbia nchi. Akiba haikuweza kusafiri, karatasi ziliweza. Wakaja na vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, shahada za vyuo vikuu, barua za waajiri, risiti za kodi na picha za harusi. Nashikilia kwamba mrundo wa namna hiyo, ambao mtu mwenye haraka angeutia moto ili kupunguza uzito wa sanduku, una nguvu ambayo faili za serikali hazina, kwa sababu moja tu: hauko mikononi mwa serikali.

Wanazi walikuwa watu wa makaratasi kweli kweli. Agosti 1938 walitoa amri kwamba Myahudi ambaye jina lake halimo katika orodha yao ya majina ya Kiyahudi aongezewe jingine, Israel kwa mwanamume na Sara kwa mwanamke, na kuanzia Januari 1939 jina hilo likawa la lazima. Oktoba 1938 pasipoti za Wayahudi zilibatilishwa mpaka zigongwe muhuri wa herufi J. Novemba 1941 kanuni nyingine ikamvua uraia kila Myahudi wa Ujerumani aliyekuwa akiishi nje, na mali aliyoiacha nyuma ikawa ya dola. Hapakuhitajika askari wa kumfuata mtu mpaka Nakuru. Alilala Mjerumani akaamka hana nchi, na huenda habari yenyewe ikamfikia baada ya miezi.

Nayo Kenya ikaisoma pasipoti ile ile kwa namna yake. Vita vilipoanza Septemba 1939, serikali ya kikoloni iliwakamata wanaume wenye pasipoti za Ujerumani na kuwaweka kizuizini kama raia wa nchi adui, Wayahudi wakiwamo. Kitabu kilichoieleza hali hiyo kwa wengi ni riwaya ya Stefanie Zweig, Nirgendwo in Afrika, iliyotoka 1995 na kufanywa filamu iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Zweig alizaliwa 1932 katika mji wa Leobschütz, ambao leo uko Poland, akaletwa Kenya mtoto mdogo mwaka 1938. Baba yake, wakili, akawa msimamizi wa shamba la mtu. Vita vilipoanza akatiwa kizuizini, na familia ikarudi Ujerumani 1947. Riwaya ni riwaya, haiwezi kuchukuliwa kama hati, lakini inatuonyesha kitu ambacho faili la uhamiaji haliwezi kukionyesha: karatasi iliyomwambia mtu Ujerumani kwamba si mwenzao ndiyo iliyomwambia Nairobi kwamba ni mmoja wao. Ofisi mbili zinazopigana zilikubaliana kumkosea mtu mmoja.

Baada ya vita zile karatasi zilipata kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Katiba ya Ujerumani Magharibi ya 1949, katika kifungu cha 116, ilisema kwamba waliovuliwa uraia kwa sababu za siasa, rangi au dini kati ya Januari 30, 1933 na Mei 8, 1945 wana haki ya kurudishiwa, wao na vizazi vyao. Sheria za fidia zikafuata katika miaka ya 1950. Sasa mdai alitakiwa aonyeshe: alizaliwa wapi, alisoma nini, alikuwa na kazi gani, duka lilikuwa la nani, alitoka lini na kwa nini. Ile pasipoti yenye J, ambayo mtu yeyote angetamani kuichana vipande vipande, ikawa shahidi bora kuliko wote, kwa kuwa ilionyesha dhuluma kwa mhuri wa mdhulumu mwenyewe. Risiti ya kodi ya kukimbia ikawa hesabu ya kilichoibwa. Na mlango huo haujafungwa: mwaka 2021 Ujerumani ilipanua sheria yake ya uraia ili kuwaingiza baadhi ya wajukuu na vitukuu waliokuwa wameachwa nje. Mtu aliyezaliwa miaka sitini baada ya nyanya yake kupita Kilindini anaweza leo kuhitaji karatasi aliyoitia nyanya huyo katika sanduku.

Barua nazo zina ushahidi wa aina nyingine. Wakati wa vita posta kati ya Ujerumani na makoloni ya Uingereza ilikatika, na njia iliyobaki kwa wengi ilikuwa ujumbe wa Msalaba Mwekundu usiozidi maneno 25. Mzazi aliyebaki Breslau au Vienna alipaswa kueleza afya yake, baridi, njaa na mapenzi yake kwa mwanawe katika maneno hayo, huku akijua mkaguzi anasoma. Treni za kuwapeleka Wayahudi wa Ujerumani mashariki kwa wingi zilianza Oktoba 1941. Katika mikusanyo mingi ya familia barua zinakoma karibu na hapo, kisha kimya. Mwanahistoria anaweza kuhesabu treni kwa kutumia kumbukumbu za reli, lakini tarehe ya barua ya mwisho katika bahasha ya nyumba moja inajibu swali ambalo hesabu hiyo haiulizi. Ndiyo maana taasisi kama Leo Baeck ya New York, maktaba ya Wiener ya London na Jumba la Kumbukumbu la Mauaji ya Wayahudi huko Washington zimetumia miongo kuwaomba watu wa kawaida walete visanduku vyao.

Msomaji wa hapa ana haki ya kukunja uso. Wakimbizi hao, atasema, waliingia Kenya kwa upande wa Wazungu. Hilo ni kweli na halifai kulainishwa. Mkimbizi mwenye J katika pasipoti alishuka katika nchi ambayo mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alilazimika kubeba kipande, cheti chenye alama za vidole kilichovaliwa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma, chini ya sheria ya 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Aliyefukuzwa kwao kwa karatasi ya ubaguzi alipewa kazi ya kuwasimamia watu waliofungwa kwa karatasi nyingine ya ubaguzi. Wapo walioliona hilo, wapo ambao hawakuliona. Lakini tazama tofauti ya kilichobaki. Kipande kilikuwa cha serikali na mwajiri. Kilieleza nguvu za mtu, mshahara wake na kama ametoroka kazi, hakikueleza alikuwa nani kwao. Mpishi na yaya wa mashamba yale wanatokea katika picha za waajiri wao, mara nyingi bila jina. Kwa hiyo visanduku vya wakimbizi vina habari za babu zetu pia, na ni sababu ya kuvisoma.

Pingamizi la pili ni la siku hizi, nalo halikwepeki katika mji huu ambao habari za Gaza husikika katika khutba na barazani. Kwa nini tushughulike na karatasi za Wayahudi? Jibu langu ni kwamba haki ya mtu juu ya ushahidi wake haipimwi kwa kabila lake wala kwa matendo ya dola inayodai kumsemea. Na anayeipenda Palestina kweli ndiye anayepaswa kuielewa hoja hii upesi kuliko wote. Familia za Kipalestina zilizofukuzwa mwaka 1948 zimehifadhi hati za ardhi za zama za Waturuki na Waingereza, na funguo za nyumba ambazo huenda milango yake haipo tena. Wanazihifadhi kwa sababu ile ile. Anayesema karatasi za upande mmoja ni takatifu na za upande mwingine ni kelele amekwisha kulivunja jambo analolitetea.

Tukirudi pwani, sisi tuna ushahidi wetu, tena mchungu. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi katika ukanda wa pwani wayawasilishe ili wapewe hatimiliki. Isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Waliokuwa na maandishi, au waliojua njia ya ofisini, walipata. Wamijikenda wengi, waliomiliki kwa desturi na kwa kumbukumbu ya wazee, walijikuta wageni katika makaburi ya mababu zao, na neno maskwota halijatutoka mpaka leo. Wamakonde wa Kwale, ambao wazazi wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, iliwabidi watembee hadi Nairobi Oktoba 2016 ili waanze kupewa vitambulisho. Wapemba wa pwani walisubiri mpaka 2023. Vijana wa Mji wa Kale wanajua habari ya kuambiwa walete cheti cha kuzaliwa cha babu, babu aliyezaliwa kabla wazazi wake hawajaona umuhimu wa cheti chochote. Aliye na risiti ya zamani, cheti cha nikaha kutoka kwa kadhi au kipande cha baba ana pa kuanzia. Asiyenacho hutegemea huruma ya karani.

Wapo watakaosema serikali ndiyo mtunzaji wa kweli, maana ina makavazi, wataalamu na sheria. Ningekubali kama si habari ya mwaka 2011. Wazee waliopigana Mau Mau walipoishitaki serikali ya Uingereza kuhusu mateso ya kambini, ikabainika kwamba maelfu ya faili kutoka makoloni, Kenya ikiwamo, yalikuwa yamehamishwa kimyakimya wakati wa uhuru na kufichwa katika jumba la Hanslope Park huko Uingereza. Mengine yalikwisha kuchomwa kabla bendera haijashushwa. Mwaka 2013 Uingereza ilionyesha masikitiko na kukubali kuwalipa wazee 5,228. Faili yaliyofichuliwa yaliisaidia kesi, lakini kesi yenyewe ilianza na watu walioshikilia makovu na kumbukumbu zao wakati ofisi ilipokuwa ikisema haina kitu. Dola hutunza inachotaka na kuchoma inachotaka. Ile ya Wanazi ilitunza vizuri sana, ndiyo maana hifadhi ya Arolsen huko Ujerumani ina hati zaidi ya milioni 30, lakini nyingi kati ya hizo zinamtaja mtu kwa nambari yake, tarehe ya kuingizwa kambini na tarehe ya kufa.

Kuna pia hoja ya mapokeo: kwamba sisi ni watu wa mdomo, na kumbukumbu zetu ziko vifuani. Hoja hii hupendwa sana kwenye makongamano. Lakini pwani yetu imeandika kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi, na wahenga wake walisema mali bila daftari hupotea bila habari, hawakuwa wakitania. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na 1840, tunayasoma leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakumbuka na kuyaandika pamoja na mmisionari William Taylor mwishoni mwa karne hiyo. Kifua kilifanya kazi yake, kalamu ikaiokoa. Na angalia miswada hiyo iko wapi sasa: London.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la siri. Katika kasha la nyumba kuna deni la mjomba, talaka isiyozungumzwa, barua ya mahaba na ukoo ambao mtu hataki utajwe. Familia za wakimbizi zilikuwa na hofu hiyo hiyo, na wengine waliugua aibu ya kuonekana walivyoombaomba viza katika balozi za dunia nzima baada ya mkutano wa Évian wa Julai 1938, ambako nchi nyingi zilieleza masikitiko na kufunga milango. Hofu hii haidharauliki. Lakini kuhifadhi si kutangaza. Makavazi yanayojiheshimu hukubali sharti la kufunga bahasha kwa miaka kadhaa, na familia inaweza kutoa nakala ya cheti ikabaki na barua. Kinachonitia wasiwasi ni ile siri inayolindwa na mchwa, kwa sababu mchwa hachagui kati ya talaka na hatimiliki.

Basi kwa wenye makasha Kuze, Kibokoni, Makadara na Liwatoni yenyewe: andikeni majina nyuma ya picha, ya watu wote waliomo, yaya na mpishi wakiwamo, maadamu yupo mzee wa kuwatambua. Pigeni picha vyeti vya nikaha, wosia, risiti za ardhi na barua za hati za Kiarabu, na nakala ikae kwa ndugu aliye mji mwingine. Kwa Makumbusho ya Fort Jesus na serikali ya kaunti: wekeni dawati moja ambapo mtu anaweza kuleta karatasi za nyumbani kwake, zikapigwa picha mbele ya macho yake, akarudi nazo siku hiyo hiyo bila kuulizwa kabila lake.