Jumba la Urithi Hulishwa na Nani?

Katika nchi ya Uingereza, mbali na miji, yako majumba makubwa ya kale yaliyojengwa na mabwana wenye ardhi. Mengine yana vyumba zaidi ya mia, na mapaa yake ni mapana kama shamba la mtu. Zamani majumba hayo yalilishwa na watu. Wakulima waliokaa katika ardhi ya bwana walimlipa kodi, na kwa kodi hiyo paa lilitengenezwa na watumishi wakapewa ujira wao. Mengine yalilishwa kwa jasho lililo chungu zaidi. Jumba la Harewood, katika jimbo la Yorkshire, lilianza kujengwa mwaka 1759 kwa mali iliyotoka katika biashara ya sukari, na miwa yake ililimwa na watumwa Waafrika katika visiwa vya Karibi.

Kisha mambo yakageuka. Tangu miaka ya 1870 ngano ya bei rahisi ilikuja kwa meli kutoka Marekani, bei ya mazao ya nyumbani ikashuka, na kodi za mashamba zikapungua. Mwaka 1894 serikali ikaweka sheria ya kwamba mwenye mali akifa, sehemu ya mali yake itwaliwe kabla mrithi hajaipokea. Duke wa Devonshire, bwana wa jumba la Chatsworth, alipofariki mwaka 1950, serikali ilidai sehemu 80 katika kila 100. Katika karne ile majumba zaidi ya elfu moja yalibomolewa.

Basi, mtu aliyeachiwa jumba asiloweza kulitunza, afanye nini?

Wako wasemao ya kwamba heshima yamtaka alishike peke yake mpaka mwisho, maana kuwafungulia wageni mlango kwa ada ni kuuza jina la baba zake. Twaona ya kwamba neno hili lina kiburi kuliko heshima. Mvua haiulizi jina la mwenye paa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mrithi afungaye mlango huku maji yapita darini hawatunzii baba zake kitu.

Wengine husema, Na auze. Lakini auze nini? Akiuza mashamba yote apate kutengeneza paa mwaka huu, mwaka ujao atalitengeneza kwa nini? Lord Lothian alilifahamu jambo hili. Alipofariki mwaka 1940 aliliachia shirika la National Trust jumba lake la Blickling pamoja na mashamba yake, ili mapato ya mashamba yalitunze jumba. Kumpa mtu nyumba pasipo chakula cha nyumba ni kumtwika mzigo.

Warithi wa Chatsworth nao walitoa jumba lao jingine, Hardwick Hall, pamoja na ardhi na vitu vya thamani, wapate kulipa lile deni. Tena mwaka 1981 wakaliweka Chatsworth chini ya wadhamini, na wenyewe wakawa wakilipa kodi kwa vyumba walivyokaa. Lord Bath wa Longleat aliwafungulia watu milango kwa ada mwaka 1949. Mwaka 1966 simba wakawekwa katika uwanja wake, watu wakaja kuwatazama wakiwa ndani ya motokaa, na mahali hapo pakaitwa kwa neno la lugha yetu, safari. Walikuwako waliopinga, lakini fedha ya simba ikalisaidia jumba kusimama.

Twaona ya kwamba kila mmoja wa hao aliacha kitu: huyu milki yake, huyu faragha yake, huyu utulivu wa uwanja wake. Na jumba lililolishwa na watu zamani likaanza kuwalisha watu kwa kazi, kwa maarifa, na kwa burudani.

Tena mgeni alipaye ada ana haki ya kuambiwa kweli. Mwaka 2020 National Trust ilitangaza ya kwamba mahali 93 inapopatunza pana uhusiano na utumwa au utawala wa makoloni. Wengine walikasirika, wakisema wageni huja kupumzika tu. Lakini wahenga walisema, Mali bila daftari huisha bila habari; na daftari lisiloonyesha mali ilikotoka halijakamilika.

Kwa hiyo yatupasa kusema ya kwamba mrithi ni msimamizi, awe ameachiwa jumba la vyumba mia au nyumba ya babu yenye vyumba viwili. Kabla ya kupokea na ajiulize maneno matatu: chakula cha nyumba hii kitatoka wapi? Ni nani watakaofaidiwa nayo? Nami ni tayari kuacha nini ili isimame? Asiyeweza kulijibu neno la tatu, na amkabidhi mwingine mapema, paa lingali zima.