Hodi ya Msafiri

Katika kila nchi vipo vitu ambavyo sifa zake huwatangulia wasafiri, na vipo vingine ambavyo havina msemaji. Tanzania imejaliwa vyote viwili. Kilimanjaro, Serengeti na Unguja hutajwa hata na watu wasiopata kuikanyaga ardhi ya Afrika, lakini Rukuba hutajwa na wachache. Rukuba ni kisiwa katika Ziwa Victoria, mbele ya mwambao wa Musoma, mkoani Mara. Majabali yake yamesimama majini. Mnandi hukausha mbawa zao juu ya mawe, kenge huota jua, na wavuvi huanika dagaa. Nyuma yake, barani, iko Butiama yenye kaburi la Mwalimu, na Bunda ambako mbuga hushuka karibu kuligusa ziwa. Swali limezuka, na litazidi kuzuka kadiri njia zinavyofunguka: je, ni wema kukitangaza kitu kilichokaa katika stara?

Wako wasemao kuwa ni wema, na hoja yao si dhaifu. Uzuri, kwa maoni yao, haupungui kwa kutazamwa. Jua huchwa ziwani mbele ya jicho moja kama lichwavyo mbele ya macho elfu. Msafiri afikaye huacha fedha kwa mwenye mtumbwi, kwa mama muuza samaki na kwa kijana ajuaye njia. Juu ya hayo, nchi yenye makabila zaidi ya 120 haiwezi kuwa taifa kwa jina tu. Yampasa mtoto wa Lindi ajue jinsi alivyo mtoto wa Mara. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Mtu azijuaye hotuba zake bila kukijua kijiji chake ameujua mto pasipo chemchemi yake.

Wako pia wasemao kuwa kutangaza ni kuharibu. Hawa hulifanya ziwa lenyewe kuwa shahidi wao. Katika miaka ya 1950 na iliyofuata, sangara alitiwa katika Ziwa Victoria. Alikuwa mgeni mkubwa, akanenepa upesi. Furu, samaki wadogo ambao aina zao zilikuwa mamia, walipungua mno, na aina nyingi zikatoweka, sangara akiwa mmoja wa sababu. Kisha viwanda vikaja. Minofu ikasafirishwa Ulaya, na wengi wa waliokaa kando ya ziwa wakabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyokwisha kukwanguliwa. Wenye shaka huuliza kama utalii nao hautakuwa sangara wa pili, minofu ikaliwa na wa mbali na mapanki wakapewa wenyeji. Hukumbusha vile vile kuwa Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani yake wakahamishiwa Ngorongoro. Pahali palipokuwa kwao pakawa pa kutazamwa, nao wakatakiwa kutoka.

Hoja zote mbili zina kweli, lakini zote mbili zina kosa moja. Huanza na neno “kisichojulikana” wala haziulizi: kisichojulikana na nani? Mvuvi wa Rukuba hulijua kila jiwe la kisiwa kwa jina au kwa hofu. Hujua upepo uvumao usiku, na mwamba uchanao nyavu. Kwake yeye kisiwa hakijafichika hata siku moja. Ujinga ni wa msafiri, lakini lugha ya safari humsingizia mahali, kana kwamba mahali pasipoonwa na mgeni hapajapata kuwapo. Wasifu husema, “Na tukifunue”. Wenye shaka husema, “Na tukifunike”. Wote hunena kama kwamba kisiwa ni mali isiyo na mwenyewe.

Desturi ya Waswahili ina neno ambalo laweza kuisaidia hukumu hii, nalo ni hodi. Mgeni afikapo mlangoni hasukumi wala hachungulii. Hubisha hodi, akangoja. Akiitikiwa karibu, huingia. Akibisha mara tatu pasipo jibu, hurudi. Adabu hii imetiwa nguvu na mafundisho ya Uislamu, ambayo humtaka mtu aombe ruhusa kabla ya kuingia nyumba isiyo yake, na akiambiwa arudi, arudi bila kinyongo. Maana yake ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Karibu ina thamani kwa sababu mwenye nyumba angaliweza kuinyima. Mlango usioweza kufungwa si mlango, ni tundu. Na ukarimu usioweza kukataa si ukarimu, ni kuporwa kwa upole.

Kwa kipimo hiki vitu vya nchi havilingani. Machweo ya Rukuba hayana mlango, na kila apitaye na ayatazame. Lakini msitu wa Muhunda, Butiama, si miti tu. Kwa imani ya wazee wa Kizanaki mna mzimu ulindao mji. Waikoma, upande wa Serengeti, wana pembe za ndovu ziitwazo Machaba, amana waliyorithi kwa wahenga wao na ambayo hufungamana na ibada zao. Kaburi la Mwalimu, aliyezikwa mwaka 1999, lina mlango wa namna nyingine, kwani mmoja huliendea kwa historia na mwingine kwa sala, hasa tangu mwaka 2005, Kanisa Katoliki lilipoanza katika Jimbo la Musoma safari ya kuuchunguza utakatifu wake. Asimamaye mbele ya vitu hivi kwa jicho la kupima urefu na upana hakufanya kosa la sheria. Lakini ameingia pasipo hodi.

Hata hivyo hodi haimalizi shaka zote. Kwanza, ni nani aitikiaye? Kisiwa hakina kinywa kimoja. Mwenye mtumbwi hutaka wageni, mzee hutaka utulivu, na kijana hutaka kazi. Wavuvi wengi wa visiwa vya ziwa hili nao wametoka mwambao mwingine na kabila jingine, hata uenyeji wenyewe una tabaka. Wala mgeni hadhuru daima: mamia ya jamaa leo hupata ada za shule na chakula kwa sangara yule yule aliyewameza furu, wala hawatamani atoke. Pili, na hili ndilo zito zaidi, je, mwenye njaa aweza kusema hapana? Ikiwa mgonjwa hutegemea upepo ili afike hospitali, na mama hana njia nyingine ya kulipia daftari, basi karibu yake haitoki moyoni, bali tumboni. Mgeni aliyeitikiwa hivyo ameruhusiwa, lakini hakukaribishwa.

Hapa ndipo wajibu unapohama kutoka kwa msafiri peke yake na kuishika nchi. Zahanati, shule na chombo salama cha majini havina budi kufika visiwani kwa haki ya wakaao huko, si kwa ajili ya macho ya wapitao. Nchi ikivingoja vije pamoja na watalii, imewauza watu wake kwa bei ya mandhari. Vikitangulia, wenyeji watakaa barazani wakiwa na uwezo wa kuchagua: hiki kionyeshwe, hiki kingoje, hiki kibaki chetu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame, wala mwenyeji anyamaze.

Basi na itangazwe Rukuba, ikiwa wana wa Rukuba watataka itangazwe. Na kila aivukiaye achukue maneno mawili pamoja na nauli yake, hodi na ahsante. Neno la pili atalihitaji hata akinyimwa. Msafiri asiyeweza kuambiwa “si leo” akageuza mtumbwi kwa moyo mweupe, huyo bado hajafika, ijapokuwa miguu yake imekwisha kukanyaga mchanga.