Mgeni na Jembe

Je, mwanamuziki mkongwe wa jazi ana haki ya kuingia katika hip hop, muziki ulioanzishwa na vijana? Wengine hudai kwamba mzee wa namna hiyo anajipendekeza. Wengine husema muziki hauna mwenyewe. Mimi naona majibu yote mawili yanakwepa swali lenyewe: mgeni anadaiwa nini, na mwenyeji anadaiwa nini?

Tumchukue Miles Davis wa Marekani, mpiga tarumbeta aliyezaliwa mwaka 1926. Mwaka 1991, baada ya miaka zaidi ya 40 ya jazi, alitafuta vijana wa kumtengenezea midundo, akampata Easy Mo Bee wa Brooklyn. Davis hakujifanya kijana; alipiga tarumbeta yake juu ya midundo ya mwenzake. Alifariki Septemba mwaka huohuo kabla kazi haijaisha, na Easy Mo Bee akaikamilisha kwa kutumia tarumbeta iliyokuwa imerekodiwa zamani. Albamu hiyo, Doo-Bop, ilitoka mwaka 1992, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Grammy kwa jina la Davis.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Davis alishika jembe. Alileta ujuzi wake, akafuata mdundo wa kijana. Hata hivyo, pingamizi moja lina uzito: jina kubwa humeza jina dogo. Wengi wanamjua Davis. Wachache wanamjua aliyeimaliza kazi. Kwa hiyo haki ya mkongwe haitokani na umri wala sifa, bali na kulima na kugawana mavuno.

Lakini methali inamwagiza mwenyeji pia: mpe. Sisi wakimbizi tunalielewa neno hilo. Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, na sheria za Malawi zinatubana katika ajira na makazi. Mtu anaweza kuitwa mgeni miaka 20 bila kupewa jembe. Tamasha la Tumaini, lililoanza hapa mwaka 2014, limetuonyesha upande wa pili: siku hizo sisi ndio wenyeji, na watu wa Lilongwe ni wageni wetu.

Basi kijana wa Dzaleka anayemfukuza mzee wa gitaa kwenye mazoezi ya hip hop anamnyima jembe, kama yeye mwenyewe anavyonyimwa mjini. Ampe. Na wimbo ukitoka, majina yote mawili yaandikwe.