Maji ya moto ya bure: nani anayalipia?

Kupasha maji ya kuoga kwaweza kuonekana jambo dogo mno kuandikiwa makala. Mimi sioni hivyo. Hapa Nyamisati, kwenye bandari ya kwenda Mafia, anayejenga nyumba hujiuliza: ninunue hita ya umeme, ya jua, au niendelee na kuni? Wengi hujibu: kuni, maana ni za bure.

Neno hilo “bure” ndilo linalonisumbua. Bure kwa nani? Mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya moto pembeni. Mama hubeba mizigo kadhaa ya kuni ili moto wa mzigo mmoja tu ufike kwenye maji, na moshi anauvuta yeye. Mkoko ukikatwa, kamba na samaki wachanga hukosa makulio, na hasara humfika mvuvi asiyeoga maji yale. Aliyeoga hakulipa kitu. Huo si unafuu. Ni deni lililoandikwa kwa jina la mwingine.

Je, umeme? Kweli, Mto Rufiji huu huu, katika Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, ulianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Lakini wingi wa neema si ruhusa ya israfu. Kupasha ndoo ya lita 20 kwa nyuzi 15 zaidi hutaka kama theluthi moja ya uniti. Tangi linaloachwa likiwaka kutwa hula umeme bila mtu kuoga. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa kibaba na kuoga kwa pishi hadi vibaba vitano. Basi tuanze na kiasi, na tuwatangulize wahitaji: mama aliyejifungua, kichanga, mgonjwa na mzee.

Limebaki jua. Wapo wazee wanaosita, kwani vitabu vya Kishafi vimetaja karaha ya maji yaliyopashwa na jua. Wasisahau kwamba karaha hiyo ina masharti, mojawapo likiwa chombo cha madini, na kwamba Imamu Nawawi mwenyewe aliona hakuna karaha. Pipa jeusi la plastiki likiwekwa juani halina tatizo hilo. Hita ya jua ni ghali siku ya kununua, lakini baada ya hapo haimdai jirani wala haimtumi mama msituni.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei dukani, tuulize nani atalipa baada ya hapo. Hita bora ni ile ambayo mwenye kuoga ndiye mwenye kuigharimia.

Wallahu aalam.