Njia Mbili za Kutoka Tabora

Treni ya Reli ya Kati inayotoka Dar es Salaam ikifika Tabora hukatwa. Wafanyakazi wa reli hushuka kwenye kokoto, wakafungua viungio, na mabehewa yaliyosafiri pamoja tangu pwani yakaachana: haya yashike njia ya kaskazini kwenda Mwanza, yale yaelekee Kigoma, magharibi. Kazi hiyo huchukua muda, nao wauzaji hawaupotezi. Asali ya miombo iliyotiwa kwenye chupa za maji hupandishwa madirishani, karanga zikifuata. Likizo ya katikati ya mwaka huangukia kipupwe, na usiku wa Unyamwezi nyakati hizo hauchezewi. Mama hujitanda kitenge cha pili na kumfunika mtoto kwa cha tatu.

Kwa familia yenye likizo moja na nauli ya safari moja, swali la Mwanza au Kigoma si jepesi. Umbali unakaribiana: kilomita 380 hivi kwa Mwanza, 400 na ushee kwa Kigoma. Kote reli inaishia ziwani. Mwanza kuna majabali yaliyobebana juu ya maji, sato wa kuchoma, na kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa iliyo karibu kabisa na mji. Kigoma kuna Ziwa Tanganyika lenye kina cha zaidi ya mita 1,400, dagaa wanaovuliwa kwa taa usiku, sokwe wa Gombe, na mji mkongwe wa Ujiji hapo jirani. Baba anataka huku, mama anataka kule, na hoja za wote wawili zina uzito.

Swali hili linasikika dogo, lakini wakubwa wa fikra walilishughulikia. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika juu ya mtu mwenye njaa aliyewekewa tende mbili zisizotofautiana kwa lolote. Je, atakufa njaa kwa kukosa sababu ya kupendelea moja? Hapana, alisema Ghazali. Atachukua moja, kwa kuwa utashi una uwezo wa kutenga kitu na mwenzake hata pasipo tofauti. Ibn Rushd wa Cordoba alimpinga baadaye: mtu huyo hachagui tende hii dhidi ya ile, anachagua kula badala ya kutokula, na yoyote atakayoishika itamtimizia haja yake.

Jibu la Ibn Rushd lina nguvu, na familia yetu ingefaa kulisikia kabla sauti hazijapanda. Lakini halijamaliza kazi. Tende iliyobaki sahanini haimsumbui aliyeshiba. Mahali ambapo mtu hakwenda huweza kumsumbua maisha yake yote.

Ushahidi uko Tabora yenyewe. Enzi za misafara mji huu uliitwa Kazeh, na njia kutoka Bagamoyo iligawanyika hapa kama reli inavyogawanyika leo: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Novemba 1857 walifika Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Mwenyeji wao, mfanyabiashara Snay bin Amir, aliwaambia kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko lile la Ujiji. Walikwenda Ujiji kwanza. Waliporudi Kazeh katikati ya mwaka 1858, Burton, aliyekuwa ameugua sana, alibaki kuandika habari zake, na Speke akaenda kaskazini bila yeye. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke alikuwa Mwanza, mbele ya Ziwa Nyanza, yaani Victoria, akiamini amekipata chanzo cha Nile.

Burton hakukubali. Wawili hao waligeuka mahasimu. Mwezi Septemba 1864 walitarajiwa kukutana hadharani mjini Bath. Siku moja kabla, Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda. Burton aliendelea kulitetea Tanganyika lake, ziwa alilolifikia, dhidi ya ziwa aliloliacha lipite.

Alichokikosa Burton ndicho kinachoombwa mwishoni mwa dua ya istikhara, ombi la Mwislamu anayetaka kuongozwa katika uamuzi. Katika hadithi ya Jabir bin Abdullah iliyomo kwa Bukhari, Mtume aliwafundisha masahaba istikhara katika mambo yote, kama alivyowafundisha sura ya Qur'ani. Mja husali rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha humwomba Mungu amwandikie na kumsahilishia jambo likiwa ni la kheri, na amwepushe nalo likiwa ni la shari. Halafu anaomba kheri popote ilipo, na aridhishwe nayo. Wapo wanaolala wakisubiri ndoto. Hadithi hiyo haitaji ndoto. Wala haimwondolei mtu jukumu la kushauriana na wanaoijua njia, kama Snay bin Amir alivyoijua. Na kwa kuwa imesema mambo yote, hata safari ya likizo imo.

Haifai kusahau kwamba kuchagua njia ni neema. Maelfu walipitishwa hapa wakiwa na minyororo shingoni, wakishushwa pwani kuuzwa, na hakuna aliyewauliza wanataka kwenda wapi. Wengine waliutoa uchaguzi wao kwa hiari: Mapadre Weupe wa msafara wa kwanza walifika Tabora mwaka 1878 wakaachana, kundi moja kwenda Nyanza na Buganda, jingine Ujiji, kila mtu akienda alikopangiwa kwa utii.

Kesi ngumu zaidi ni ya Livingstone, mmisionari aliyekuwa naye akikitafuta chanzo cha Nile. Februari 1872 alifika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, pamoja na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa amemtafuta, na Stanley akamsihi warudi wote Uingereza. Mema mawili yalimvuta: watoto aliowaacha kwa miaka, na kazi isiyokwisha. Binti yake Agnes alikuwa amemwandikia kwamba anatamani arudi, ila afadhali amalize kazi aridhike kuliko kurudi ili kumfurahisha yeye. Stanley aliondoka Machi. Livingstone alibaki Kwihara hadi Agosti akingoja wapagazi, kisha akaelekea Bangweulu, ambako hakukuwa na chanzo cha Nile. Alifariki Mei 1873.

Wapo wanaosema matokeo yamethibitisha kwamba alichagua vibaya. Hukumu hiyo inamdai ujuzi ambao siku ile hakuna binadamu aliyekuwa nao. Alishauriwa, akaisoma barua ya binti yake, akaamua, akaenda. Mahali pa tembe alimokaa miezi ile pana makumbusho sasa, na familia ambayo bado haijakubaliana kati ya Mwanza na Kigoma inaweza kushuka Tabora ikayatembelee kwanza.