Furukombe, Samaki na Amana ya Picha



Ndugu msomaji, katika wiki ya da'wa mwaka jana jumuiya yetu iliweka maonyesho ya picha nje ya ukumbi, kuhusu ishara za Allah (s.w.t.) katika viumbe. Picha moja ilikuwa yangu. Ilimwonyesha furukombe, yule tai mla samaki mwenye kichwa cheupe, amekunjua mbawa juu ya maji, kucha zimetangulia mbele. Chini yake niliandika: "Furukombe akiwinda, Ziwa Naivasha", kisha nikataja Suratul-Mulk, aya ya 19, inayotuita tuwatazame ndege juu yetu wakikunjua na kukunja mbawa, na hapana anayewashikilia ila Mwingi wa Rehema. Watu walisimama pale wakasema Subhanallah. Nilifurahi sana.

Siku ya pili dada mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza, "Kaka, ulijuaje kwamba atashuka pale pale?"

Nikamjibu, "Ni subira tu, dada yangu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Ukweli ni huu. Nilikwenda Naivasha, kule Kenya, wakati wa likizo, nikiwa na lenzi ya kuazima ya milimita 400. Aliyewahi kupiga picha za ndege wawindaji anajua taabu yake. Lenzi ndefu huona kipande kidogo sana cha anga. Mkono ukitikisika kidogo tu, ndege hayumo tena. Anayeshuka kwa kasi anahitaji shata ifunguke kwa sehemu ya 2000 ya sekunde au chini ya hapo, la sivyo mbawa zinakuwa ukungu. Naye furukombe hana haraka na mtu. Sehemu kubwa ya siku hukaa mtini akitazama maji.

Tulingoja karibu saa mbili. Mwendesha boti akaniona nimechoka. Akatoa samaki mfu aliyechomekwa kipande cha funjo ndani ili aelee, akapiga mluzi na kumrusha. Ndege akaondoka mtini papo hapo. Mimi nilikuwa nimeshalenga mahali samaki alipoangukia. Kati ya picha kumi na nne, moja ilitoka safi.

Basi swali langu ni hili: je, picha ile ilikuwa uongo?

Nilipomsimulia mwenzangu wa chumba, alicheka. "Samaki alikuwa mfu," akasema. "Ndege ameshiba, mwenye boti amelipwa, na watu wamemtaja Mola wao. Nani amedhulumiwa hapo? Kwani zile mbawa uliziumba wewe?"

Hoja yake si nyepesi. Ni kweli, kule kuruka kulikuwa kwa kweli. Samaki wa kurushwa hampi ndege uwezo ambao Mola hakumpa. Na kila picha huchaguliwa: nilikata pembeni, nikaongeza mwanga kidogo, wala hakuna anayeita hayo udanganyifu. Kwa hiyo siwezi kusema tu kwamba picha haikuwa halisi.

Lakini kumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alichokipokea Imam Muslim. Alipita kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile yenye maji juu watu waione, kisha akatangaza kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Neno letu la Kiswahili, kughushi, limetoka katika asili ile ile ya Kiarabu.

Tazama mambo mawili hapo. Kwanza, hatuelezwi kwamba yule mtu alitamka uongo wowote kwa wanunuzi. Nafaka kavu iliyokuwa juu ndiyo iliyosema kwa niaba yake. Pili, Mtume hakumwambia aitupe ile iliyolowa. Alimuuliza kwa nini hakuiweka juu. Tatizo halikuwa mvua, lilikuwa kuificha.

Mimi nafaka yangu iliyolowa ilikuwa yule samaki, na ile kavu niliyoiweka juu ni neno moja: "akiwinda". Na kama ningeliacha neno hilo nikanyamaza, bado mtazamaji angeamini hivyo, nami nilijua kwamba angeamini hivyo.

Je, tofauti ya samaki na ule mwanga nilioongeza ni ipi? Katika hadithi nyingine ya Muslim, Mtume (s.a.w.) anaieleza dhambi kuwa ni lile linalokwaruza kifuani mwako, ukachukia watu walijue. Kama yule dada angeuliza juu ya mwanga, ningemweleza bila wasiwasi. Aliuliza juu ya kushuka kwa ndege, nikajificha nyuma ya neno tukufu, subira.

Wengine watasema nia yangu ilikuwa njema, kuwaita watu kwa Mola wao. Mimi naona hilo linazidisha uzito. Anayesema "tazameni ishara hii" anatoa ushahidi. Ukiupamba ushahidi ili umnufaishe unayemtetea, umeonyesha kwamba huuamini vya kutosha kuuacha usimame wenyewe. Aya inatuambia tutazame tu, haikutuomba tuiongezee chochote.

Wapiga picha wasio na dini yetu nao wamelijua jambo hili. Shindano la Wildlife Photographer of the Year, linaloendeshwa London, lilimnyang'anya mshindi wake wa 2009 tuzo, baada ya waamuzi kuona kuwa yaelekea mbwa mwitu aliyeonekana akiruka lango alikuwa wa kufugwa. Mpiga picha alikana. Lakini kanuni yao ni rahisi: mtazamaji ana haki ya kujua anachokitazama.

Na ndege mwenyewe ana haki yake. Samaki mmoja huenda asimdhuru, lakini ndege anayefundishwa kila siku kuifuata boti na mluzi anapunguziwa ile hadhari inayomlinda na binadamu. Kuna wanaorusha panya hai mbele ya bundi wapate picha. Hapo tunakaribia wale vijana waliomfunga kuku wakamlenga mishale, ambao Ibn Umar (r.a.) aliwakemea kwa kuwakumbusha laana ya Mtume juu ya anayekifanya kiumbe hai kuwa shabaha.

Nilirudi kwenye ubao siku ya mwisho. Picha sikuiondoa. Nilibadilisha kadi: "Furukombe akichukua samaki aliyerushiwa na mwendesha boti." Nikamtafuta yule dada nikamwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na zile nyingine?" Sikuwa na jibu la kumpa kuhusu picha za wenzangu. Nadhani hiyo ndiyo hasara kubwa: uongo mmoja huwatia shaka wakweli kumi.

Siku hizi hupanda juu ya paa la hosteli yetu hapa Kampala kuwapiga mwewe, wanaozunguka wakipinda mikia yao yenye panda kama usukani. Ninazo picha zaidi ya mia tatu. Iliyo bora kuliko zote imekatika ncha ya bawa. Hiyo ndiyo nitakayoileta kwenye maonyesho ya mwaka huu, inshallah, na yeyote akiniuliza niliipataje, nitamweleza yote.

Nawe ndugu yangu, kabla hujakabidhi ripoti ya maabara, takwimu za utafiti au barua ya kuomba kazi, ingiza mkono chini ya lundo lako kwanza.

Wallahu a'lam.